Skrubu Tatu Mdomoni

Harufu ya samaki ilimpokea Ugbad mara tu alipofungua mgongo wa ile kompyuta, naye hakushtuka. Garissa si Lamu. Samaki wa huku ni wale wachache wa mto Tana, wenye ladha ya matope, na wazee wengi wa mji wangeona aibu kukutwa na mwiba mkononi wakati nyama ya ngamia ipo. Lakini fundi anajua. Vile vikopo vidogo vya kuweka umeme vilivyogandishwa juu ya bodi, ambavyo mafundi huviita kapasita, vikizeeka huvuja majimaji, na majimaji hayo yakipata joto hunuka samaki aliyesahaulika juani.

"Umeoza, mzee," akaiambia mashine. "Lakini hujafa."

Ilikuwa ya Mwalimu Abdirahim, mstaafu, ambaye miaka ya tisini aliwahi kuwa karani katika ofisi moja ya misaada kule Dadaab. Ofisi ilipobadilisha vyombo, wenzake waligombania viti na feni. Yeye akabeba lile sanduku la rangi ya maziwa lenye kioo kidogo kama dirisha la choo. Sasa alitaka liongezewe kumbukumbu, diski yake nzito itolewe iwekwe memori kadi, na zaidi ya yote lirudishiwe sauti. Lilikuwa bubu miaka mingi. "Zamani lilikuwa likiamka linanisalimia," alisema siku alipolileta, akiona haya kidogo. "Nataka linisalimie tena."

Ugbad alikuwa fundi mwanamke wa pekee pale mtaani Bulla Iftin. Wanaume walimcheka mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wakaanza kumletea simu zao zimefungwa ndani ya leso, kimyakimya, mtu asione. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Mumewe Bulle alikuwa dereva wa lori la Mandera, na safari hiyo alikuwa na wiki mbili hajarudi. Nyumbani walikuwepo mama yake mzazi, Maka, na binti yake Filsan, wa miaka saba. Filsan alikuja baada ya mimba mbili zilizoharibika na miaka tisa ya kuulizwa maswali kwenye harusi za watu. Ukitaka kumjua Ugbad, usimtazame mikono yake hodari. Mtazame macho Filsan anapokohoa.

Kapasita zilikuwa kumi na moja. Mafundi wenye pupa huzinyonga kwa koleo mpaka zing'oke, na mara nyingi hung'oka na kipande cha njia ya shaba, ukabaki unalia. Ugbad hakuwa na pupa. Alishika chuma cha kulehemu huku na kingine huku, akayeyusha risasi ya miguu yote miwili kwa pamoja, akakiinua kikopo polepole. Chini ya kila kimoja palikuwa na ukungu wa kijani. Akausugua kwa siki na mswaki, kisha akatoka uani, ambako sufuria ya maji ilikuwa ikichemka juu ya jiko la makaa, akaisuuza bodi nzima kwa maji ya moto kidogo kidogo. Kukausha kulikuwa kazi ya jua la Garissa, ambalo halina bili.

Ilikuwa saa sita na nusu mchana, saa ambayo mji mzima hujifungia ndani, hata mbuzi hutafuta ukuta. Sufuria ilikuwa imebaki nusu, bado inatokota. Na hapa ndipo lilipotendeka kosa.

Huku kila mtoto anafundishwa hili kabla hajafundishwa kuvaa viatu: usimwage maji ya moto chini mpaka utamke bismillahi, kwa sauti, ili wale wasioonekana wainuke, wawabebe watoto wao, wasogee. Zaidi sana mahali pa majivu, maana ndiko wanakopenda kulala mchana. Maka aliitamka hata akimwaga masazo ya chai. Ugbad naye aliitamka maisha yake yote. Lakini mchana ule mkono wake mmoja ulikuwa na bodi, mwingine una sufuria, na midomoni alikuwa ameuma skrubu tatu za ile mashine, skrubu ambazo huzipati tena soko lolote kuanzia Garissa Ndogo mpaka Nairobi. Alikumbuka. Hilo lazima lisemwe, alikumbuka. Akajiambia ataitamka akishazitua zile skrubu. Akamwaga maji yote juu ya lile rundo la majivu kwenye kona ya ua.

Mvuke ukapanda. Na ndani ya mvuke akasikia pumzi ikivutwa, ndefu, ya kitoto, ile pumzi anayovuta mtoto aliyeumia kabla kilio hakijapata njia ya kutoka.

Kilio hakikutoka. Ugbad alitema skrubu kiganjani. "Bismillahi," akasema, akitazama majivu yanavyofuka. Alimtafuta paka. Hapakuwa na paka.

*

Jioni alifunga kapasita mpya, zile kavu zisizovuja. Akapachika kumbukumbu, akaweka memori kadi, akarudisha skrubu. Filsan alikuwa ametoka madrasa, amekaa juu ya kigoda, kidevu kimeegemea meza.

"Hooyo, litasema nini?"

"Ngoja tusikie, hooyo." Mama wa Kisomali humwita mtoto kwa jina lile lile mtoto analomwitia yeye, ndivyo wanavyoitana, hooyo na hooyo, siku nzima; bibi ndiye ayeeyo.

Aliwasha. Sanduku likapiga mlio mmoja mzuri, wa kengele, na Filsan akapiga makofi. Kisha, mlio ulipokuwa ukififia, kitu kingine kikaingia chini yake. Kilikuwa kilio. Chembamba, cha mbali, kinachopanda na kukatika kama cha mtoto aliyelia mpaka sauti ikamkauka.

Ugbad alizima. Mawazo yake ya kwanza yalikuwa ya ufundi, na alishukuru kuwa nayo: labda amegeuza kapasita moja, chanya na hasi. Akafungua, akazikagua zote kumi na moja kwa kioo cha kukuza. Zilikaa sawasawa. Ila bodi, aliyoisugua kwa mkono wake na kuikausha mchana kutwa, ilikuwa ikinuka. Haikuwa tena ile harufu ya samaki anayoijua. Ilinuka ngozi iliyounguzwa na maji.

Akawasha tena, kilio kikarudi. Akachomoa waya ukutani. Kilio kikaendelea.

Alisimama pale, waya mkononi, akilisikiliza sanduku lisilo na umeme likilia. Nyuma yake Filsan akasema kwa upole, "Hooyo, mkono wangu unawasha." Alikuwa ameukunja mkono wa buibui lake. Kuanzia kiwiko mpaka kifundo ngozi ilikuwa imetutumka malengelenge, yamejaa maji, yanang'aa.

Hospitalini muuguzi alimtazama mtoto, kisha akamtazama mama yake kwa jicho ambalo Ugbad hatalisahau.

"Mama, mtoto amemwagikiwa na nini?"

"Sista, wallahi hakuna kitu imemchoma. Imetokea tu."

"Malengelenge ya maji moto haitokei tu."

"Haki ya Mungu. Alikuwa amekaa na mimi hapo. Uliza yeye mwenyewe."

Filsan alithibitisha. Wakapewa mafuta ya kupaka na tarehe ya kurudi, na yule muuguzi akaandika kitu kwenye karatasi yake akiiziba kwa mkono.

Maka aliwasubiri mlangoni, kanga kichwani, fimbo mkononi. Aliushika mkono wa mjukuu wake, akaunusa. Mtu wa zamani hapimi ugonjwa kwa macho peke yake.

"Ugbad," akasema kwa sauti ya chini. "Umemwaga maji ya moto?"

"Nimemwaga, hooyo. Nilikuwa nasuuza bodi."

"Ulitamka?"

Hapa angesema kweli, na hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini muuguzi alikuwa ameshamtazama kama mama anayechoma mtoto wake, na sasa mama yake mwenyewe anamtazama vivyo hivyo, na aibu ni kitu kizito kuliko gunia la mchele. Tena aliitamka, si kweli? Baadaye kidogo, lakini aliitamka.

"Nilitamka," akasema.

Maka akaushusha mkono wa mtoto. "Haye," akasema. "Basi limekuja na lile sanduku."

*

Siku ya pili malengelenge yalifika begani. Siku ya tatu yalikuwa shingoni. Ugbad alikuwa amelifunika sanduku kwa blanketi na kulifungia karakanani, lakini ukuta wa chumba kimoja hauzuii kilio, na kila kilipopanda, Filsan kule kitandani alijikunja na lengelenge jipya likatokeza, mbele ya macho yao, pole pole, ngozi ikiinuka yenyewe. Hakulia sana. Hilo ndilo lililomtia Ugbad hofu kuliko yote. Mtoto alilala akisikiliza, kichwa ameinamisha upande wa karakana, na midomo yake ikatikisika kama anayejibu.

Adhuhuri ya siku hiyo, Maka akiwa anasali chumba cha pili, Filsan alimvuta mama yake kwa ncha ya mtandio.

"Hooyo. Mtoto wa kwenye sanduku anauliza kitu."

"Nyamaza, hooyo. Lala."

"Anauliza kwa nini hukuwaambia wahame. Alikuwa amelala. Mama yake alikuwa hapo karibu, angembeba tu, angepata nafasi. Mama yake analia sana, hooyo. Anasema una—"

Ugbad alimziba mdomo kwa kiganja. Alifanya hivyo kabla hajafikiri, na masikio yake yalikuwa chumba cha pili, yanasikiliza kama mama yake amemaliza sala. Akainama mpaka sikioni mwa mtoto.

"Usimwambie ayeeyo. Umesikia? Hayo usimwambie mtu yeyote."

Filsan alimtazama juu ya kile kiganja, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto mtiifu.

Maalim Kerrow alikuja alasiri, ndevu amezipaka hina, simu mbili mfukoni, na haraka usoni, maana alikuwa na mgonjwa mwingine kule Modika aliyekuwa akimsubiri. Alikuwa msomaji wa Kurani kwa wagonjwa, anayesifiwa, na sifa hizo alizijua. Alimtazama mtoto, akalitazama sanduku chini ya blanketi, akaomba kikombe cha maji na shuka nyeupe.

"Nina maswali matatu, na mwanamke anijibu kwa Mungu wake," akasema. "Hiki chombo kimetoka wapi?"

"Dadaab. Zamani."

"Kimekaa muda gani bila mtu?"

"Miaka ishirini, zaidi."

"La tatu. Umeudhi kitu katika nyumba hii? Umemwaga maji ya moto, umekojolea shimo, umeua nyoka bila kumwonya? Kama umewadhulumu, hapo sisomi kwa ukali. Hapo tunakaa nao kama watu, tunaomba radhi, tunapatana. Nao wana haki zao. Lakini kama wamekuja kwa uchokozi, nitawachoma. Kwa hiyo niambie."

Maka alikuwa amesimama pale pale, fimbo mkononi. Ugbad alimtazama mara moja, akarudisha macho kwa Maalim.

"Sijadhulumu mtu," akasema.

Basi Maalim akamfunika mtoto kwa ile shuka kuanzia utosini mpaka miguuni, akakaa kwenye mkeka, akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti nzuri, hilo halina budi kukubaliwa, sauti iliyojaza chumba mpaka dirishani, na ilipopanda kule karakanani kilio nacho kilipanda, na chini ya shuka mwili mdogo ukaanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha magoti, kisha wote mzima, na harufu ile ya ngozi ikajaa mle ndani mpaka Maka akaziba pua kwa kanga, na Maalim hakusita, akarudia aya kwa aya akipuliza juu ya maji na kuyanyunyiza, mpaka kutoka chini ya shuka ikaja sauti ambayo haikuwa ya mtoto, ilikuwa ya mwanamke, imechoka, haina hasira.

"Sikuja kwa ubaya," ilisema. "Nimekuja kwa haki yangu. Nina mtoto mmoja. Muulizeni huyo."

"Jini ni mwongo," Maalim alisema bila kufumbua macho.

"Muulizeni. Akikiri nitaondoka na wangu nimtibu, na wake nitamwachia. Sitaki zaidi ya hilo. Akiri tu."

Maalim akafumbua macho. Alimgeukia Ugbad, na kwa mara ya kwanza ile haraka ilikuwa imemtoka usoni. "Una neno?"

Chumba kizima kilikuwa kinamsubiri: msomaji, mama yake, na kile kilichokuwa chini ya shuka. Ugbad alilitaka neno litoke. Alimpenda Filsan kuliko pumzi yake. Lakini alikuwa amesema uongo mara mbili, na wa tatu ukashuka kwenye njia ambayo wenziwe walikwisha kuilainisha. Akajiambia Maalim ana nguvu. Akajiambia jini ni mwongo, si Maalim amesema mwenyewe?

"Sina."

"Haya," ile sauti ikasema kwa uchovu, na haikusema tena.

Shuka ikatulia. Karakanani kilio kikakatika katikati. Maalim alisoma mara saba zaidi, akanyanyua pembe ya shuka, na Maka akapiga vigelegele kama mwanamke wa miaka ishirini, maana ngozi ya mtoto ilikuwa safi. Shingo safi, bega safi, mkono laini usio na doa. Alifumbua macho, akawatazama mmoja mmoja, akatabasamu. Ugbad alianguka magotini akamkumbatia, na akalia kwa furaha isiyo na kifani, furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu na uongo wake pamoja naye.

"Sasa kiko ndani ya chombo," Maalim alisema, akijifuta jasho. "Kitupwe mtoni kabla ya magharibi. Akitupe aliyekifungua. Na kitakudanganya njiani, wewe mwanamke. Kitaiga sauti uipendayo. Usijibu. Ukijibu hata mara moja, kimerudi."

Mwalimu Abdirahim alipopigiwa simu hakubisha. "Mtoto kwanza," alisema. "Hilo ni sanduku tu."

Ugbad alilipakata sanduku ndani ya tuktuk, limefungwa kwa blanketi. Walivuka vizuizi vya barabarani, soko la mifugo likabaki nyuma, jua likaanza kushuka upande wa daraja. Hapo ndipo lilipoanza kusema.

"Hooyo."

Dereva hakusikia, au alijifanya hakusikia. Ugbad aliuma mdomo.

"Hooyo, kuna giza humu. Hooyo, nimebanwa. Sikumwambia ayeeyo. Wallahi sikumwambia mtu."

Machozi yakamtiririka, akasoma kimoyomoyo kila aya aliyoikumbuka. Kinaiga, alijiambia. Alishuka penye ukingo, akalivua blanketi, akatembea mpaka maji yalipomfika magotini, maji ya rangi ya chai ya maziwa yaendayo kwa kasi. "Hooyo, nijibu," likasema sanduku, sasa kwa kilio. "Nijibu tu. Hooyo!" Alilisukuma. Lilielea kidogo, likageuka, kioo chake kikatazama juu, likazama. Mapovu yalipanda kwa muda mrefu. Naye hakujibu hata mara moja, na alijiona shujaa.

Aliporudi, Maka alikuwa amekwisha kutenga maji ya uvuguvugu na beseni. "Mwogeshe," akasema. "Aoge maji ya dua, kisha ale. Anaomba chakula tangu uondoke."

Ugbad alimvua mtoto nguo, akamsimamisha ndani ya beseni, akajaza kopo. Akaanza begani, akashuka kifuani. Mkono wake ukasimama tumboni.

Filsan alipokuwa na siku ishirini alipatwa na umanjano, na Maka, kwa desturi ya wazee wa Wajir, alimchoma tumboni kwa kijiti chenye moto, mara tano, kuzunguka kitovu. Ugbad aligombana na mama yake miezi mitatu kwa ajili ya zile alama tano. Zilikua pamoja na mtoto, zikapanuka, ngozi yake hapo ikawa ngumu na ya kung'aa. Kila alipomwogesha, miaka saba, kidole chake kilipita juu yake, moja, mbili, tatu, nne, tano. Hakuna dua inayofuta alama ya namna ile.

Tumbo lililokuwa mbele yake halikuwa na alama hata moja.

Alipitisha kiganja mara ya pili, ya tatu. Akainua macho taratibu. Mtoto alikuwa akimtazama kwa subira, kwa uso wa Filsan, kwa macho ya Filsan.

Mlangoni Maka alisimama na taulo, akicheka peke yake kwa shukrani. Kumwambia kulimaanisha kumwambia yote, kuanzia yale majivu. Na nje giza lilikuwa limeshaingia, na mto ulikuwa ukienda.

Kopo likamtoka Ugbad mkononi. Mtoto aliinama akaliokota, akamrudishia, kisha akamshika shingoni kwa mikono yake miwili yenye maji, akamnong'oneza sikioni, chini kabisa, ayeeyo asisikie.

"Usilie, hooyo. Mama amenambia nikutii."

"Vipi, maji yamepoa?" Maka aliuliza kutoka mlangoni.

"Hayajapoa," Ugbad akasema, akajaza kopo, akaendelea kumwogesha.